Konokono wa Mahakimu

Konokono wa kwanza alikuwa amepanda mtungi.

Pamba alimwona siku ya Jumatatu, siku ambayo makumbusho hufungwa kwa wageni na yeye hupita ukumbini na ngazi yake ndogo kukagua picha moja baada ya nyingine, kama daktari anavyopita wodini. Picha yenyewe haikuwa ya kujivunia: mtungi, vitunguu viwili, kisu, na kitambaa kinachoning'inia ukingoni mwa meza. Lakini Pamba alikuwa ameijua tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Aliishona ilipochanika, akaijaza rangi ilipobanduka, akaipigania na ukungu kila mvua ziliponyesha. Kama kulikuwa na mtu duniani aliyejua kilichomo ndani ya picha ile na kisichomo, ni yeye. Na konokono hakuwemo.

Hakupiga kelele. Alichomoa kijiti mfukoni, akakizungushia pamba nchani, akakitia mdomoni kukilowesha. Wageni wakimwona akifanya hivyo hukunja nyuso, lakini mate ndiyo dawa ya kwanza ya fundi wa picha: yanatoa uchafu wa juu na hayali rangi ya zamani. Kwa ajili ya vijiti hivyo, vinavyomtoka mifukoni, masikioni, na wakati mwingine kwenye kilemba, wenzake walikuwa wamemwita Pamba mpaka hata mumewe akasahau jina jingine.

Akasugua taratibu. Konokono akatoka, kwanza mkia, halafu gamba, halafu pembe mbili nyembamba, akahamia kwenye pamba akiwa doa la hudhurungi.

"Mbichi," Pamba alijisemea. "Mbichi kabisa huyu."

Machale yakamcheza. Rangi inayotoka kwa mate ni rangi ya maji, na rangi ya maji katika jengo lile ilikaa mahali pamoja tu: karakana yake, ghorofa ya juu, kwenye kisanduku cha bati kilicho rafu ya kulia. Alipanda ngazi haraka kuliko magoti yake yalivyopenda. Kisanduku kilikuwepo. Rangi zote zilikuwepo. Lakini kifuniko cha hudhurungi kilikuwa kimekazwa kwa nguvu, na yeye hakazi vifuniko, kwa sababu rangi hukaukia shingoni na kesho yake kifuniko kinagoma. Mtu mwingine alikuwa amekigusa.

Wenye ufunguo wa karakana walikuwa yeye, mkurugenzi, mlinzi, na wifi yake.

Alianza na mlinzi, ambaye jina lake kazini lilikuwa Redio, kwa sababu hakuwa na mahali pa kumzimia.

"Redio, nani ameingia karakana mwisho wa wiki hii?"

"Mama, mimi nalinda mlango wa chini. Wa juu unalindwa na Mungu. Kwani kimeibwa nini?"

"Hakijaibwa kitu. Kimeongezwa."

Redio akaweka gazeti chini. "Kimeongezwa? Basi huyo si mwizi, mama, huyo ni mfadhili. Akirudi mwambie aniongezee kiti, hiki kimevunjika mguu."

Pamba alimtazama machoni muda mrefu. Redio aliyavumilia macho yale vizuri mno. Mtu asiye na hatia hupepesa, Pamba aliwaza, halafu akakumbuka kwamba mwenye hatia naye hupepesa, akaondoka akiwa na wasiwasi kuliko alivyokuja.

Mkurugenzi alikuwa mgeni kazini, kijana wa suti, mwenye mazoea ya kuzungumza na picha kwa mbali kama mtu anayeogopa kuambukizwa. Huyo asingeweza kuchora hata yai. Akabaki wifi.

Sasa wifi huyu alikuwa dada wa mume wa Pamba, mwalimu wa chekechea aliyestaafu, mwanamke mnene wa kicheko kirefu na viatu vyeupe vya kisigino kipana. Nyumba zao zilitazamana. Alipostaafu alikaa barazani wiki chache akihesabu magari, kisha akaja kwa Pamba na kumwambia, "Wifi, nitafutie kazi kabla sijaanza kuwafundisha kuku wako alfabeti." Makumbusho yalikuwa yanatafuta mtu wa kuwaongoza wageni. Pamba akamsemea. Alisimama mbele ya mkurugenzi, akasema, "Huyu namdhamini mimi," na tangu siku hiyo hakuwa na amani.

Kwa sababu wifi hakuongoza wageni kama walivyoongozwa siku zote, kwa sauti ya chini na mikono nyuma. Wifi aliwachezesha. Pamba aliwahi kuchungulia kutoka roshani ya juu akakuta kundi la wauguzi, watu wazima na heshima zao, wamepangwa mbele ya picha kubwa ya ukumbi, ile iitwayo Karamu ya Mahakimu. Kila mmoja alikuwa amepewa hakimu wake wa kuiga. Mmoja alikuwa ameshika pipa la takataka badala ya bakuli la fedha. Mwingine alikuwa amejifunga pazia.

"Wewe hakimu wa tatu," wifi alikuwa akimwambia muuguzi mmoja, "mbona umenyoosha shingo? Mwenzako kwenye picha ameshiba. Aliyeshiba hanyooshi shingo. Teremsha kidevu. Ongeza kingine. Haya! Sasa mwangalie mwenzako wa kushoto: anakutazama wewe au anatazama paja la kuku lililo mbele yako?"

"Paja!" wauguzi wakapiga kelele.

"Basi mmeshajua mchoraji aliwapenda au hakuwapenda."

Wakacheka mpaka vioo vikatetemeka. Pamba alirudi karakana akafunga mlango. Alikuwa amepita mbele ya picha ile nusu ya maisha yake, na hakuwahi kujua kuna hakimu anayetazama paja la mwenzake. Jambo hilo lilimkera kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu.

Jioni ya siku ile ya konokono, wifi alivuka barabara kuja kula kwao, kama alivyofanya jioni nyingi. Aliacha viatu mlangoni, akaketi, akanawa. Hapo Pamba akaona kitu. Kwenye ukucha wa kidole cha shahada palikuwa na mstari wa hudhurungi.

"Wifi, una nini hapo kwenye ukucha?"

Wifi akautazama ukucha kama aliyekutana nao leo. "Mchuzi."

"Bado sijapakua."

"Mchuzi wa jana."

"Mchuzi gani wa rangi ya udongo?"

"Uliopika wewe, wifi yangu. Mimi sikutaka kusema, tunaheshimiana."

Mume wa Pamba akapaliwa. Alipigwa mgongoni, akanywa maji, akaomba asihusishwe. Pamba alicheka pamoja nao kwa meno, lakini jicho lake halikuondoka kwenye ukucha ule.

Wiki zilizofuata konokono waliongezeka. Mmoja alikuwa kwenye kofia ya nahodha. Mwingine alikuwa amekaa kwenye kidole cha mama anayesuka, mzuri sana, mdogo kama punje ya dengu. Mwingine alikuwa anapanda mnara wa saa katika picha ya mji, na alikuwa amefika dirisha la pili. Pamba aliwafuta wote kwa mate, mmoja mmoja, Jumatatu kwa Jumatatu, na hakusema neno. Alitaka kumkamata mtu mkono ukiwa ndani ya rangi. Alianza kuja mapema. Alianza kubandika unywele mmoja wa brashi juu ya vifuniko, ili aone kama umehama. Unywele ulihama. Chini ukumbini wageni walikuwa wengi kuliko zamani, wakichuchumaa, wakinyoosha vidole, wakicheka. Na kila akipita yeye na ngazi yake kicheko kilikatika ghafla, kama bomba lililofungwa. Akaingiwa na fikra kwamba wanamcheka yeye. Kwamba jengo zima linajua kitu isipokuwa fundi wake.

Hapo ndipo mkurugenzi alipowaita wote ofisini.

"Alhamisi anakuja mkaguzi kutoka mji mkuu," alisema. "Anakuja kwa ajili ya Karamu ya Mahakimu. Wanafikiria kuiingiza kwenye hazina za taifa. Mnajua maana yake? Jina letu litajulikana." Kisha akamgeukia Pamba. "Lakini mkaguzi akikuta picha imechezewa, hata kidogo, ameshaniambia kwenye simu: karakana inafungwa, picha zote za hapa zitapelekwa kwao zikatunzwe huko. Na wewe, mama, utastaafu mapema. Sitaki, lakini ndivyo ilivyo. Kuna lolote ninalopaswa kujua?"

Redio, kwa mara ya kwanza katika historia, alitazama viatu vyake. Wifi alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba. Pamba alihisi mate yamemkauka.

"Hakuna," alisema.

Jumatatu ya mwisho kabla ya mkaguzi, Pamba aliingia ukumbini na taa, lenzi na vijiti tele. Alifuta waliobaki. Halafu akasogeza ngazi mbele ya mahakimu.

Picha ile ilichukua ukuta mzima. Mahakimu walikuwa wameketi mezani wamevaa majoho mekundu, nyuma yao mapazia, mbele yao nyama. Pamba aliijua kwa namna ya fundi: aliujua ufa uliopita kwenye meza, mahali maji ya mvua yalipoingia kona ya chini, mahali mwalimu wake marehemu alipoziba tundu. Vichwa na mikono hakuwahi kuvigusa, kwa sababu vilikuwa vizima, na kitu kizima hakikumpa sababu ya kukitazama.

Akaanza juu, akashuka polepole na lenzi. Jaji mkuu alikuwa katikati, mkono wake wa kulia umeegemea meza, na mkono wa joho lake umejaa nakshi za dhahabu, mizunguko juu ya mizunguko. Kwenye mizunguko ile, mmoja ulikuwa na shingo.

Damu ilimpanda Pamba kichwani. Huyu naye! Hapa? Kwenye picha hii, wiki hii? Alilowesha kijiti akasugua. Kijiti kikatoka na vumbi tu. Akalowesha kingine, akasugua zaidi. Konokono hakutikisika. Alikuwa pale kwenye mkono wa jaji mkuu, pembe mbili juu, anatambaa kuelekea kiwiko kama ana siku zote za dunia.

"Kumbe umehamia rangi ya mafuta," Pamba alisema kwa sauti, na mtu aliyekuwa akiongea naye hakuwa konokono. "Umeona mate hayatoshi. Umetaka kunimaliza kabisa."

Alipanda karakana akateremka na chupa ya kiyeyushio, ile kali, ambayo huishika kwa glavu. Fundi yeyote aliyefundishwa wiki mbili anajua kwamba kabla ya kufungua chupa ile unatazama kwanza, unatazama tena, halafu unaacha kijiti na kwenda kunywa maji. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo wote waliopita mikononi mwake. Lakini hasira ilikuwa imemkalia machoni. Akachovya, akabonyeza ncha ya kijiti kwenye pembe ya kushoto, akazungusha mara moja.

Pembe ikatoka.

Ilitoka na kitu kingine: wekundu wa manjano wa vanishi kuukuu, rangi ya asali iliyoungua. Pamba alikitazama kijiti. Vanishi kuukuu hukaa juu ya rangi. Kama vanishi kuukuu ilikuwa juu ya konokono, basi konokono alikuwa chini yake.

Akakamata lenzi kwa mikono miwili. Na hapo akaona alichopaswa kukiona kabla ya yote. Ufa mwembamba kama uzi ulianzia kwenye kifundo cha mkono wa jaji, ukapita kwenye nakshi, ukapita katikati ya gamba la konokono, ukatokea upande wa pili na kuendelea mpaka kiwikoni bila kukatika. Rangi mpya ingeujaza ufa ule. Hii ilipasuka pamoja na mkono, pamoja na joho, pamoja na picha yote. Konokono alikuwa amezeeka na mahakimu wake. Aliwekwa pale na aliyewachora.

Pamba alishuka ngazi akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, kijiti mkononi. Maisha yake yote hakuwahi kuharibu. Alipata sifa kwa jambo hilo moja.

Wifi alimkuta karakana, ameketi kwenye kigoda, taa haijawashwa.

"Wifi, mbona umekaa kama uliyefiwa? Nimeleta chai."

"Wa kwenye mtungi ni wako?"

Wifi akaweka chupa ya chai mezani. Alifikiri kidogo. "Wa mtungi ni wangu."

"Wa kofia ya nahodha?"

"Wangu."

"Wa kwenye kidole cha mama anayesuka?"

"Huyo ndiye nilimpenda kuliko wote. Umemfuta?"

"Nimewafuta wote."

"Una roho ngumu wewe. Kaka yangu alioa jiwe."

"Na wa mahakimu?"

"Wa mahakimu si wangu."

"Najua," Pamba alisema.

Kwa namna alivyolisema neno hilo wifi akaketi. Akaeleza bila kuulizwa. Siku moja ya mvua hakuja mgeni hata mmoja, na yeye kukaa kimya hawezi, basi akaketi mbele ya mahakimu akacheza peke yake mchezo wa chekechea: tafuta ambaye hamsikilizi mwalimu. Akapita uso kwa uso, mkono kwa mkono, mpaka akamkuta yule mdogo.

"Nikasema, ala! Nilicheka mpaka Redio akaja kuniuliza kama naumwa. Fikiria, wifi. Mtu ameitwa kuwachora wakubwa wa mahakama wanakula. Nje watu wamekaa barabarani wanasubiri kesi zao, wengine wamezeeka wanasubiri, labda na yeye mwenyewe yumo. Aseme nini? Akisema atafungwa. Basi akamchukua mnyama anayetambaa akamweka kwenye mkono unaosaini. Nao wakasema, oo, picha nzuri, itundikeni! Wakala chini yake mpaka wakafa, hawajaona."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia! Nilipanda hapa na magoti yangu haya nikakwambia, wifi, njoo uone kitu kwa mahakimu. Ukaniuliza, ni ukungu? Nikasema siyo. Ukaniuliza, ni ufa? Nikasema siyo. Ukasema, basi kinaweza kusubiri."

Pamba alikumbuka. Alikuwa na kazi, na hakuinua hata kichwa.

"Na rangi yangu ukaichukua."

"Wageni wakishamwona mmoja wanataka wengine. Na wakitafuta wanatazama. Wewe ulishaona mtu anatazama vitunguu viwili nusu saa nzima? Mimi nimeona. Na sheria nimeifuata, usininunie. Ni wewe ulisema mezani kwako, na kaka shahidi: fundi akiongeza kitu kwenye picha ya mtu, kiwe cha kutoka kwa mate. Nimeongeza vya kutoka kwa mate."

"Ungeniuliza."

"Ungekubali?"

Pamba alinyoosha mkono akafungua kiganja. "Unakiona hiki?"

"Pamba chafu."

"Ni pembe."

Kicheko kilichokuwa kinamkaa wifi shavuni kila saa kikashuka. "Pembe ya nani?"

"Ya yule wa mahakimu. Nilidhani ni wako. Nimetumia dawa kali."

Wifi aliifunika midomo yake. Akauliza, kwa sauti ndogo isiyokuwa yake, "Si unaweza kuirudisha? Wewe huyu?"

"Naweza. Hata sasa hivi. Na mkaguzi hataona."

"Basi irudishe!"

"Halafu itakuwa nimefanya kama ulivyofanya wewe, ila wewe ulichora ili watu waone, na mimi nitakuwa nimechora ili wasione." Akafumba kiganja. "Nenda nyumbani, wifi. Nataka kufikiri."

Alifikiri mpaka Alhamisi, na fikra hazikumpa usingizi wala jibu.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye begi la ngozi na kikohozi kikavu, na hakutaka chai. Alisimama mbele ya mahakimu muda ambao ulimchosha hata mkurugenzi. Wafanyakazi wote walikuwa nyuma yake. Redio alikuwa na jasho, na Pamba, kwa kumtazama tu, akajua kwamba amesema. Na kweli, mkurugenzi alikuwa amekwisha kumtenga wifi pembeni, karibu na mlango, kama mtoto aliyekojoa darasani.

Mkaguzi akapanda ngazi ya Pamba. Akapitisha taa, akaikurubisha lenzi kwenye mkono wa jaji mkuu. Taa ikasimama.

"Hapa pamesuguliwa," alisema. "Na si zamani. Nani?"

Mkurugenzi akapiga hatua mbele.

"Mheshimiwa," mkurugenzi akaanza, "nimepata taarifa asubuhi hii tu. Kuna mfanyakazi mmoja, si fundi, amekuwa akizichorachora picha. Nilikuwa nakusudia kuchukua hatua." Akamgeukia wifi. "Mwalimu, njoo mbele utueleze."

Wifi alitoka pale mlangoni. Visigino vyake viligonga sakafu, ko, ko, ko. Alimtazama Pamba mara moja, akatazama mbele. Alikuwa anafungua kinywa, na Pamba akaona wazi kabisa, kama aonavyo ufa, kwamba anakwenda kukubali. Angebeba pembe ile pamoja na konokono wake wote, na jioni angevuka barabara na kuomba achekwe. Karakana ingepona. Kinywa kimoja tu kikae kimya.

"Ni mimi," Pamba alisema.

Mkaguzi akamtazama kutoka juu. "Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye fundi. Nimesugua Jumatatu, kwa dawa kali, bila kutazama ufa kwanza. Kulikuwa na pembe ya pili. Ninayo kwenye kijiti."

"Fundi mzoefu, bila kutazama ufa?"

"Nilidhani ni mzaha wa wifi yangu."

"Na kumbe?"

"Kumbe ni mzaha wa mchoraji mwenyewe."

Mkaguzi aligeukia tena mkono wa jaji. Aliutazama kwa lenzi, kisha bila lenzi, kisha akarudi nyuma kidogo na kuwatazama mahakimu wote, sura zao za shibe, na akarudi tena kwa yule mdogo mwenye pembe moja. Mabega yake yakatikisika. Akatoa sauti. Hakuna aliyejua kama ni kikohozi au kicheko, na Pamba, aliyekuwa anasubiri kufukuzwa, hakuthubutu kubashiri.

"Mara ngapi nimeisoma habari ya picha hii," mkaguzi alisema akishuka. "Joho, meza, mpangilio wa mikono. Hakuna aliyetaja mnyama." Akapangusa macho kwa leso. "Sikilizeni. Karakana sifungi. Mafundi wanaosema walichoharibu ni wachache, sina wa ziada. Lakini wewe, mama, picha hii hutaigusa tena. Pembe atairudisha fundi mwingine, na wewe utakaa kwenye kiti umtazame."

Pamba aliinamisha kichwa. Ilimuuma pale palipostahili kuuma.

"Na wewe, Mwalimu. Hakuna konokono tena juu ya picha. Hata wa mate. Ukutani, sawa. Sakafuni, sawa. Mezani kwa mkurugenzi, nisingejali."

Mkurugenzi akacheka, halafu akaacha kucheka, na kuanzia siku hiyo alionekana akikagua meza yake kila asubuhi kabla ya kukaa.

Mahakimu waliingia kwenye hazina za taifa, na konokono wao. Wageni waliongezeka. Wifi aliwapitisha ukumbini akiwa mbele kama kawaida, akiwachezesha, akiwauliza nani anamtazama nani. Ila baada ya muda alianza kuona jambo lisilo la kawaida. Wageni walikuwa wanacheka mahali ambapo yeye hajasema kitu. Walicheka akitembea. Akigeuka, walikuwa wanatazama dari.

"Wifi," alimwuliza Pamba jioni moja mezani, "nitazame. Nina kitu mgongoni?"

"Huna."

"Sketi imechanika?"

"Iko nzima."

"Ni Redio. Redio amewaambia kitu. Au yule mkurugenzi wako, siku hizi ananitazama chini chini." Akamgeukia kaka yake. "Kaka, mimi natembea vibaya?"

"Nisihusishwe," akasema mume wa Pamba, na kuinamia sahani.

Pamba alimwongezea wifi mchuzi. Mkononi mwake mwenyewe Pamba, kwenye ukucha wa kidole cha shahada, palikuwa na mstari mwembamba wa hudhurungi, na akaukunja ndani ya kiganja. Huko nyuma alikuwa ameziba matundu, ameshona nyuzi, amerudisha vya watu kama walivyoviacha. Kuanza kitu kisichokuwepo hakuwahi, mpaka jioni moja wifi alipoacha viatu mlangoni kama kawaida na kwenda kunawa. Wa kwanza alitoka mnene mno. Wa pili alikuwa afadhali. Mvua ikinyesha hufutika, na Pamba humchora upya, na kila mara hujikuta amekaa mlangoni muda mrefu kuliko kazi inavyohitaji.

Kesho yake wifi alipita ukumbini na kundi la madereva waliokuwa na siku ya mapumziko. Ko, ko, ko, visigino vikagonga. Nyuma ya kisigino cha kulia, pembe mbili juu, alikuwa anatambaa mmoja kwa haraka ambayo hakuna konokono aliyewahi kuwa nayo. Madereva wakapasuka.

Wifi akageuka ghafla. "Mnacheka nini?"

Wote wakatazama dari. Wifi naye akaitazama, akatafuta, kisha akashusha macho polepole mpaka roshani ya juu, ambapo Pamba alikuwa ameinama na kijiti chake, akisafisha nguzo iliyokwisha kuwa safi.